Saa Moja Mbele

Eliamini, kaka yangu,
zamu ya usiku imekwisha.
Nimevua glavu, nimeziacha mashine kumi na mbili
zilizochuja damu za watu usiku kucha,
na Bibi Zuwena wa kitanda cha nne
amenisimulia tena, kwa Kiswahili cha Unguja,
mashokishoki aliyokula mwaka aliopanda meli.
Sijalala. Nimeshukia mitendeni,
miguu nimeitia kwenye falaji.

Hapa Nizwa maji yana ratiba.
Shofiq, kijana wa Bangladeshi, hutazama simu,
huondoa jiwe na tambara,
maji yaingie shamba la mtu
ambaye bado yuko kitandani.
Nusu saa. Kisha jiwe, kisha tambara, kwa jirani.
Ungeipenda kazi hii. Ungesema
saruji ya kingo imechanganywa na mvivu,
wewe unayezibua mfongo wetu Usangi kila Machi,
hata mkondo unaonywesha migomba ya mchungaji.

Mchungaji yule.
Sijasahau. Nakijwa juu ya mkeka, miaka sita,
mifupa ikimwaka, nasi tukiimba
mpaka sauti zikakauka.
Kulipokucha akasema imani ya nyumba hii ina ufa.
Ulitoka na sururu ukamchimbia mwenyewe,
hukutaka msaada wa mtu.
Jioni ukaniambia: "Jina hili nilipewa bila kuulizwa.
Silitumii tena."

Sikukujibu. Mimi muuguzi, naijua selimundu,
najua dripu ikichelewa inakuwaje.
Najua pia kwamba nilikuwa naimba
wakati nilipaswa kukimbilia gari.
Hilo nimemwambia Mungu.
Wewe sijakuambia.

Ndiyo maana sala zangu hazina tena maneno ya mkesha.
Sisemi, Bwana, mvunje.
Sisemi, mrudishe kwa fimbo.
Nalitaja jina lako lote, basi,
kama mtu anayesogeza jiwe:
shamba limelala, maji na yaingie.

Mara moja kwa mwezi napanda basi hadi Ruwi,
Ijumaa, ambayo kwetu hapa ndiyo Jumapili.
Wafilipino wanatoka, Wamalayali wanangoja mlangoni,
sisi katikati tuna saa moja na nusu
na kinanda cha kuazima.
Wakisema tuwataje walio mbali, nakutaja.
Wanadhani unaumwa.
Mama mmoja wa Kisii huniuliza kila mara, "Anaendeleaje?"
Namjibu, anaendelea.

Leo, hapa ukingoni, nimebonyeza simu
nikakutumia sauti: lile la gari, lote,
pamoja na wimbo tuliokuwa tukiimba.
Alama mbili za buluu. Kimya.
Shofiq akahama shamba, akahama la pili.
Kisha wewe, sauti nzito, jogoo nyuma yako:
"Nilijua, dada.
Nami niliimba."
Ukakohoa. Nikadhani umemaliza.
"Huko kumekucha?"

Kumekucha, Eliamini.
Hapa inakaribia saa kumi na mbili,
huko saa kumi na moja haijagonga.
Sikukuzidi kitu.
Nimewekwa mashariki, ndiyo tofauti yetu,
jua hunifikia kwanza,
nami nina hili tu la kukuambia, nilichokiona:
limevuka mlima, limegusa ngome,
limegusa makuti, sasa limo majini
kati ya vidole vyangu.
Linakuja huko,
uamini, usiamini.

Shofiq ananipungia mkono:
toa miguu, mama,
maji ya jirani yanapita.